Mjerumani wa Mustang: alitoka Messerschmitt, au ni porojo za karakana?

SWALI: Mimi ni fundi wa ndege, nilisomea stashahada Dar es Salaam na sasa nipo Kanada mwaka wa tatu. Kazini kuna mzee anayesimulia kila siku kwamba ile ndege ya kivita ya Wamarekani, Mustang, ilichorwa na Mjerumani aliyetoroka kiwanda cha ndege cha Messerschmitt na michoro mfukoni, tena hakuwa hata na digrii. Ni kweli? Kama ni kweli, Wamarekani walimwaminije Mjerumani wakati wanapigana na Hitler? Na mwisho, ndugu mtaalamu, mhamiaji wa leo anaweza kupita njia ile, au tuache kujidanganya?

JIBU: Mzee wako amekosea pale penye utamu tu. Mjerumani alikuwapo, digrii hakuwa nayo, na Mustang kweli ilianzia kwenye meza yake ya kuchorea. Kilichotiwa chumvi ni Messerschmitt na hiyo michoro ya mfukoni, na ukiipanga miaka vizuri chumvi yenyewe inajitenga.

Jina lake ni Edgar Schmued. Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1899 huko Hornbach, mji mdogo wa Ujerumani jirani na mpaka wa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari wa meno, lakini pesa ya kumpeleka kijana chuo kikuu haikuwapo. Akaingia uanagenzi katika kiwanda kidogo cha injini, na uhandisi wa ndege akajisomesha mwenyewe kwa vitabu. Mwaka 1925 akaondoka Ujerumani kwenda Brazil. Sasa mtazame Willy Messerschmitt mwaka huo huo: alikuwa na karakana yake ndogo huko Bamberg, akihangaika na ndege nyepesi. Aliingia ubia na kampuni ya BFW ya Augsburg mwaka 1927, na ile ndege ya kivita Bf 109 iliyompa jina iliruka mara ya kwanza mwaka 1935. Schmued alikuwa ng'ambo ya Atlantiki kwa miaka kumi. Angeiba mchoro upi?

Porojo hiyo ilianza zamani, na ilichochewa na macho. Bf 109 za mwanzo zilikuwa na ncha za mabawa zilizokatwa kama kwa msumeno, na Mustang nayo hivyo hivyo. Mtu akisikia tena kwamba mchoraji ana lafudhi nzito ya Kijerumani, hadithi inajijenga yenyewe.

Kuondoka kwake kulikuwa na sababu za kawaida kabisa. Mkataba wa Versailles ulikuwa umeibana tasnia ya ndege ya Ujerumani, na mfumuko wa bei wa 1923 ulishateketeza akiba za watu. Kijana mwenye ndoto za ndege hakuwa na pa kuzipeleka. Huko São Paulo alipata kazi General Motors, kampuni ya magari, na hapa ndipo bahati yake ilipolala: General Motors walikuwa wameanza kununua hisa za viwanda vya ndege Marekani. Walipoona kipaji chake, wakamdhamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akafika New Jersey kufanya kazi katika tawi la Marekani la kampuni ya ndege ya Fokker, ambalo General Motors walikuwa na fungu kubwa ndani yake. Kwa hiyo kama mzee wako aliwahi kutaja pia Fokker, hapo hakukosea.

Nikae kidogo kwenye huo mlango wa kuingilia, kwa sababu swali lako la tatu linaanzia hapo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 ilimpimia kila mtu kwa nchi aliyozaliwa. Baada ya hesabu kupangwa upya mwaka 1929, Ujerumani ilipewa nafasi 25,957 kwa mwaka. Tanganyika ilipewa 100. Ruanda na Urundi, zote mbili pamoja, 100. Na hata hizo mia hazikuwekwa kwa ajili ya babu zetu. Ilikuwa namba ya chini kabisa ambayo sheria iliigawia kila eneo. Schmued alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi, ila alisimama pia kwenye foleni yenye nafasi elfu ishirini na tano, mkononi ana barua ya kampuni kubwa kuliko zote za magari duniani.

Kampuni aliyoikuta New Jersey ilikuwa taabani. Machi 1931 ndege ya abiria ya Fokker yenye bawa la mbao ilianguka Kansas na kumuua Knute Rockne, kocha wa mpira wa Kimarekani aliyejulikana nchi nzima, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari za bawa la mbao. Fokker mwenyewe akatoka. Kampuni ikaitwa General Aviation, ikahamia Maryland, ikawa North American Aviation, na mwaka 1934 ikapata bosi mpya kutoka Douglas, James Kindelberger, ambaye kila mtu alimwita "Dutch". Katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, wahandisi wenye shahada walikuwa wanapanga foleni kutafuta kazi yoyote. Schmued aliona majina matatu yakipita kwenye lango la kiwanda huku mezani kwake habanduki.

Mimi naona hiyo ndiyo siri kubwa ya maisha yake kazini, na waandishi wengi huipita haraka. Hakubisha hodi mlango hadi mlango akionyesha vyeti ambavyo hakuwa navyo. Alidhaminiwa mara moja, na kila daraja lililofuata alilivuka akiwa tayari anafahamika kwa kazi ya mikono yake. Na bosi aliyekuja alikuwa mtu wa kumwelewa: Kindelberger aliacha shule kabla ya kumaliza sekondari, akafanya kazi kwenye viwanda vya chuma, na baadaye akasoma mwaka mmoja tu wa uhandisi. Bosi wa aina hiyo hawezi kuanza mahojiano kwa kuuliza digrii iko wapi.

Mwishoni mwa 1935 Kindelberger alihamisha kiwanda hadi Inglewood, California. Mke wa Schmued, Luisa, hakutaka kwenda magharibi, kwa hiyo mumewe akajaribu kwanza kampuni ya Bellanca, ya mhamiaji mwingine kutoka Sicily. Haikukaa sawa. Wakafunga safari ya California kwa gari, na njiani wakagongana uso kwa uso na gari lingine. Luisa alifariki, Edgar akalazwa na majeraha makubwa. Alianza kazi Inglewood mapema 1936, mjane, na kijana mdogo wa kulea.

Tuje kwenye uaminifu. Umeuliza walimwaminije. Marekani haikungoja vita ndipo iwaze jambo hilo. Sheria ya Jeshi la Anga ya 1926 ilisema asiye raia aliyeajiriwa na kiwanda chenye mkataba wa ndege za serikali haruhusiwi kuona michoro, wala maelezo ya kiufundi, wala kazi inayoendelea, wala kushiriki majaribio, mpaka waziri husika atoe kibali cha maandishi kwanza. Soma tena kwa jicho la fundi: huwezi hata kuitazama ndege unayoijenga. Ukiwa mgeni, kila mradi wa jeshi ni barua ya kuombewa huko Washington, na kampuni ikichoka kuandika barua inakutafutia kona ya kuchora viti vya abiria.

Schmued aliumaliza mzigo huo Oktoba 1935 alipoapa kuwa raia wa Marekani. Vita na Ujerumani vilipowafikia Wamarekani Desemba 1941, alikuwa raia kwa zaidi ya miaka sita. Wajerumani wasio raia waliokuwa Marekani waliandikishwa kama wageni wa nchi adui, yeye hakuguswa. Halafu kuna jambo la kuchekesha kidogo ambalo porojo za karakana hulisahau: Mustang haikuagizwa na Marekani. Iliagizwa na Uingereza, nchi ambayo tayari ilikuwa inapigana na Ujerumani. Waingereza ndio waliomwaminia Mjerumani ndege yao kwanza.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa 1940 tume ya ununuzi ya Uingereza ilikuwa inatafuta ndege za kivita kila mahali. Iliwaendea North American na kuwaomba watengeneze Curtiss P-40 kwa leseni, ndege ambayo tayari ilikuwa inaelekea uzeeni. Kindelberger akamwuliza Schmued kama wangependa kuijenga hiyo P-40. Schmued akajibu kwamba wasijenge ndege iliyopitwa na wakati, wabuni mpya. Jibu hilo lilikuwa limemkaa moyoni muda mrefu. Amewahi kusimulia kwamba alikuwa anachora ndege ya kivita pembeni, miaka, bila kuagizwa na mtu. Agizo alilopewa na bosi, kwa kumbukumbu yake mwenyewe, lilikuwa fupi: iwe na mbio kuliko zote unazoweza, na uijenge kumzunguka mtu wa urefu wa futi 5 na inchi 10, uzito ratili 140. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 178 na kilo 63 na nusu.

Wewe ni fundi, kwa hiyo niruhusu nifungue paneli moja mbili.

Bawa kwanza. Mabawa ya wakati ule yalikuwa na unene wake mkubwa karibu na ukingo wa mbele. Utafiti wa NACA, taasisi ya serikali ya Marekani, ulionyesha kwamba ukiurudisha unene huo nyuma, karibu na katikati ya bawa, hewa inateleza umbali mrefu zaidi kabla haijavurugika. Kijana wa aerodinamiki pale kiwandani, Ed Horkey, ndiye aliyesimamia hesabu zake. Vitani, vumbi, kokoto na viatu vya mafundi kama wewe viliharibu sehemu ya faida hiyo, maana uso wa bawa ulitakiwa uwe kama kioo. Lakini umbo lenyewe liliendelea kulipa kwenye mwendo mkubwa.

Pili, rejeta. Kwenye P-40 inaning'inia chini ya pua kama kidevu. Kwenye Mustang iliwekwa tumboni, nyuma ya rubani, ndani ya mfereji wenye mdomo mbele na lango linalofunguka na kufungwa nyuma. Hewa inaingia, mwendo wake unapungua, inachukua joto la injini, inatanuka, halafu inabanwa kutokea nyuma kwa kasi na kusukuma ndege mbele kidogo. Mwanasayansi wa Uingereza, F. W. Meredith, alikuwa ameieleza kanuni hiyo miaka ya 1930; Mustang ikawa ndege iliyoitumia vizuri kuliko nyingine za wakati wake. Sehemu kubwa ya ukinzani wa kupoza injini ilirudishwa kwa njia hiyo. Ukiona Mustang kwenye maonyesho, inama uangalie mdomo wa ule mfereji: haujashikana na tumbo, kuna upenyo mwembamba, ili hewa iliyochoka kwa kujikokota chini ya tumbo ipite pembeni isiingie kwenye rejeta.

Tatu, mistari ya mwili. Desturi ya viwanda vya ndege, iliyotoka kwenye viwanda vya meli, ilikuwa kulaza vipande virefu vya mbao juu ya sakafu, kuvikunja, na kuchora mkunjo kwa kufuata jicho la fundi, vile vile mafundi wetu wa majahazi wanavyopima mbavu za chombo. Pale Inglewood kulikuwa na Roy Liming, aliyeuandika mkunjo kwa hesabu. Kila nukta ya ngozi ya ndege ilikuwa na namba yake. Aliyetengeneza paneli na aliyetengeneza mbavu walipata jibu moja bila kuonana, na kazi ya kupatanisha vipande vinavyogombana, unayoijua vizuri, ilipungua sana.

Ndiyo maana walimaliza haraka. Mkataba wa ndege 320 ulikamilishwa mwishoni mwa Mei 1940. Schmued alieleza kwamba walifanya kazi mpaka usiku wa manane kila siku, isipokuwa Jumapili, siku waliyoondoka saa kumi na mbili jioni ili wajue ni mapumziko. Tarehe 9 Septemba, siku 102 baadaye, ndege ya kwanza, NA-73X, ilisukumwa nje ya karakana. Vitabu vinapenda kuishia hapo. Ukweli ni kwamba ilitoka bila injini, imesimama juu ya magurudumu ya kuazima kutoka ndege ya mafunzo, kwa sababu Allison walikuwa hawajaleta injini yao. Iliruka tarehe 26 Oktoba mikononi mwa Vance Breese. Tarehe 20 Novemba rubani mwingine, Paul Balfour, injini ikamzimikia kwa kukosa mafuta, akatua kwenye shamba lililolimwa na ndege ikapinduka miguu juu. Balfour akatoka mzima. Ndege ikapelekwa matengenezo, na mpango haukusimama hata siku moja.

Kuhusu injini, nisirefushe maana hadithi yake imeandikwa sana. Allison ilikuwa nzuri chini na dhaifu juu. Aprili 1942 rubani wa majaribio wa Rolls-Royce, Ronald Harker, aliiendesha Mustang na kupendekeza iwekewe injini ya kampuni yake, Merlin 61, yenye vigandamizi viwili vya hewa. Packard wa Detroit wakatengeneza Merlin za Marekani, na kufikia Machi 1944 Mustang zilikuwa zinasindikiza ndege za mabomu kutoka Uingereza hadi Berlin na kurudi. Jumla zilijengwa zaidi ya 15,000. Kuna wanaosema Merlin ndiyo iliyokuwa ndege, mwili ulikuwa bahasha tu. Sikubaliani. Spitfire Mk IX, ndege ya kivita ya Waingereza, ilikuwa na injini ya ukoo ule ule, tena ilikuwa nyepesi zaidi, na Mustang iliiacha kwa mwendo na kwa umbali.

Hapo mzee wako anaweza kubisha: je, mtu mmoja ndiye aliyeichora? Hapana, na ni vizuri uwe na majibu. Mkuu wa wahandisi alikuwa Raymond Rice. Makamu wa rais Lee Atwood ndiye aliyezungumza na Waingereza, na uzeeni alidai kwamba wazo la rejeta yeye ndiye aliyelisukuma. North American pia walilipa dola 56,000 kwa Curtiss ili wapate takwimu za majaribio ya ndege yao ya XP-46, na watu wa Curtiss walishikilia maisha yao yote kwamba Mustang ilikula kwao. Schmued alikana kwamba takwimu zile zilimsaidia. Nikipima yote, naona umbo la jumla, mpangilio wake na ule ukali wa kutoacha kitu kimoja kitokeze kwenye hewa bila sababu, ni vyake. Kazi yake ilikuwa usanifu wa awali, na usanifu wa awali ndiko ndege inakoamuliwa iwe ya namna gani.

Lipo jambo ambalo hukuniuliza, lakini bila hilo jibu langu lingekuwa nusu. Kiwanda kile kile, bosi yule yule. Machi 1941 North American ilikuwa inajenga kiwanda kipya Kansas City, na Kindelberger akawaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba Weusi hawataajiriwa kama mafundi wa ndege pale hata wawe wamesomea kazi hiyo. Zitakuwapo nafasi kadhaa za kufagia. Huyu ndiye mtu asiyejali vyeti! Kauli za namna hiyo zilimpa A. Philip Randolph, kiongozi Mweusi wa chama cha wafanyakazi, hoja alipotishia kuandamana Washington, na tarehe 25 Juni 1941 Rais Roosevelt akatoa amri namba 8802 ya kukataza ubaguzi kwenye viwanda vya ulinzi. Miezi minane baadaye, Februari 1942, amri nyingine iliwafungulia wanajeshi njia ya kuwahamisha watu wenye asili ya Japani kutoka pwani ya magharibi kuwapeleka makambini, wengi wao raia waliozaliwa hapo hapo California. Raia mzaliwa wa Ujerumani aliendelea kuchora Inglewood. Na kuanzia katikati ya 1944, marubani Weusi wa kundi la 332, waliotoka Tuskegee, waliruka juu ya Italia na Ujerumani ndani ya Mustang zenye mikia iliyopakwa rangi nyekundu.

Miaka ya baadaye nitaipita kwa kasi, isipokuwa vituo vitatu.

Mwaka 1943 Schmued alitumwa Uingereza kuona kwa nini Spitfire ni nyepesi vile. Alikaa na wahandisi wa Supermarine, waliojenga Spitfire, na wa Rolls-Royce, akagundua kwamba jibu halikuwa uchawi wowote: Waingereza walikubali viwango vidogo vya nguvu ambavyo ndege inapaswa kuvumilia, hasa kwenye mizigo ya pembeni na ya kutua. Sheria za Marekani zilikuwa zinabeba kilo za bure. Aliporudi akaianza Mustang upya sehemu kwa sehemu, na matokeo yake ni P-51H, toleo jepesi la Mustang, mojawapo ya ndege za propela zenye mbio kuliko zote zilizowahi kujengwa kwa wingi.

Halafu, mwaka 1945, Messerschmitt hatimaye anaingia kwenye hadithi, ila kwa mlango wa nyuma. North American walikuwa na mchoro wa ndege ya jeti yenye mabawa yaliyonyooka, na hesabu zilionyesha haitafika mwendo uliotakiwa. Karatasi za utafiti zilizokamatwa Ujerumani zilionyesha faida ya mabawa yaliyolazwa nyuma. Kiwanda kikakubali kuchelewa, kikachora upya, na kikachunguza hata vibao vya ukingo wa mbele vya bawa la Me 262, ndege ya jeti ya Messerschmitt. F-86 Sabre ikaruka tarehe 1 Oktoba 1947, kisha ikakutana na MiG-15 za Kisovieti katika anga la Korea.

Mwaka 1952 Schmued aliacha kazi North American na kuwa makamu wa rais wa uhandisi huko Northrop. Ndege za kivita za wakati ule zilikuwa zinanenepa kila mwaka, na bei nayo. Yeye na Welko Gasich wakaenda upande wa pili: ndege ndogo, nyepesi, inayoweza kununuliwa na nchi isiyo tajiri, ikitumia injini mbili ndogo za J85, injini iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya chombo kidogo cha kudanganya rada kilichobebwa na ndege ya mabomu B-52. Schmued aliondoka 1957, kabla ndege hiyo haijaruka mwaka 1959, kwa hiyo haitakuwa haki kumpa sifa yote. Lakini hiyo ndiyo F-5. Kenya ilizinunua miaka ya 1970, na ndizo wana Nanyuki wanazozisikia zikipasua anga kutoka kambi ya Laikipia, na ndizo zinazopita juu ya Nairobi siku za gwaride. Ethiopia nayo ilizitumia kwenye vita vya Ogaden, 1977 na 1978, dhidi ya MiG za Somalia. Schmued alifariki tarehe 1 Juni 1985 huko Oceanside, California.

Sasa wewe. Njia ile ile haipo tena, na sitakudanganya. Leo mchoraji wa ndege anatakiwa awe na shahada, na huko Kanada jina lenyewe la mhandisi linalindwa na vyama vya kila jimbo. Bila usajili wao huwezi kulitumia kwenye kadi yako. Ile sheria ya 1926 nayo imezaa wajukuu. Kanuni za Marekani za biashara ya silaha humzuia asiye raia wala mkazi wa kudumu kuona taarifa za kiufundi za ndege za kijeshi bila kibali, na Kanada ina mpango wake wa bidhaa zinazodhibitiwa unaofanana na huo. Kwa hiyo usipoteze miezi ukipeleka maombi kwenye karakana za kijeshi kabla karatasi zako za ukaazi hazijakaa sawa. Wanaokukataa huenda hawajafika hata kwenye ukurasa wa ujuzi wako.

Kilichobaki cha Schmued ni ile namna ya kupanda ukiwa ndani. Leseni ya fundi wa ndege ya Transport Canada haidai digrii. Inadai mafunzo yanayotambulika, mitihani, na uzoefu ulioandikwa kazi kwa kazi. Kama ulifanya kazi Dar kabla ya kuondoka, andikia karakana yako ya zamani leo, kabla waliokusimamia hawajastaafu, wakupe orodha ya kazi ulizofanya, aina ya ndege, tarehe na sahihi. Ukichagua upande wa miundo, yaani ngozi na mbavu, ndipo ulipo karibu zaidi na meza ya mchoraji, kwa sababu kila ufa unaoziba unahitaji mchoro wa kiraka, na kuna mtu ofisini anayeuchora. Mjue mtu huyo. Mwulize kwa nini kiraka kina safu mbili za ribiti na si moja. Mara ya tatu au ya nne mpelekee mchoro wako mwenyewe ukiwa na vipimo, aukosoe kwa kalamu nyekundu. Kozi za jioni za hesabu na nguvu za vifaa uzianze muhula ujao, hata moja moja, ukimwuliza kwanza mwajiri wako kama ana mpango wa kuzilipia.